Usafi wa mfumo wa mafuta wa gari: maji, filta, nozeli na dawa za chupa

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Swali linalojirudia sana ni dawa gani ya kumwaga tankini ili gari lililokuwa zito lirudie wepesi wake, na majibu yanayofuata huwa ni majina ya chupa. Naomba tulitazame jambo hili kuanzia mbali kidogo, kwa sababu mfumo wa mafuta hauchafuki wenyewe. Uchafu unaingia kwa njia zinazojulikana, na karibu njia zote hizo zinaweza kuzibwa kwa gharama iliyo ndogo kuliko bei ya nozeli moja. Dawa ya chupa ina kazi yake, ila ni kazi finyu, na haiwezi kushindana na mafuta mabaya yanayoingia tankini kila wiki.

Nianze na njia ambayo mafuta hupita. Katika magari mengi ya petroli tunayoendesha, pampu ya umeme imezamishwa ndani ya tanki, na mdomoni mwake kuna chujio laini ambalo wengi wamezoea kuliita soksi. Pampu husukuma petroli kupitia filta hadi kwenye reli iliyo juu ya injini, na reli huigawia kila nozeli. Presha hapo si kubwa, ni bar 3 hadi 4 hivi, na nozeli hunyunyiza petroli nyuma ya vali za kuingizia hewa. Yapo magari mengine ya petroli ambayo nozeli zake hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, na haya huhitaji pampu ya pili yenye presha ya kuanzia bar 50 hadi 200 na zaidi. Dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja hufika bar 1,600 na kuendelea. Nafasi iliyopo kati ya vyuma vinavyoteleza ndani ya nozeli ya dizeli ya aina hiyo ni maikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Vumbi ambalo jicho halilioni linatosha kukwaruza vyuma hivyo. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimekanika, kama ile ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, inaweza kuvumilia mafuta ambayo yangeiharibu D-4D, yaani dizeli ya Toyota yenye reli ya pamoja, mapema sana, kwa hiyo ushauri mmoja hauwezi kuzifaa injini hizo mbili.

Adui ninayempa nafasi ya kwanza ni maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, lita ya dizeli gramu 840 hivi, na lita ya maji gramu 1,000. Maji hayachanganyiki na mafuta, huzama, na hukaa chini kabisa ya tanki, pale pale ambapo pampu hufyonza. Tanki la chuma huanza kushika kutu kwa ndani, na kutu hiyo huanguka na kuziba soksi. Kwenye dizeli balaa huongezeka, kwa sababu pale maji na dizeli vinapokutana huota bakteria na kuvu wanaotengeneza utando mweusi wenye utelezi, na utando huo ukishafika kwenye filta huiziba yote hata kama ni mpya. Aidha dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu ya presha kubwa, hivyo tone la maji likipita hapo vyuma husuguana vikavu.

Maji hayo hutoka wapi? Wengi husema ni unyevu wa hewa unaogeuka matone ndani ya tanki lisilojaa, na ushauri wa kujaza tanki kila jioni unatokana na hoja hiyo. Kwa magari ya zamani ambayo tanki lilipumua wazi, na kwa mapipa na matanki ya jenereta, hoja ina uzito. Kwa gari la kisasa lenye tanki lililofungwa vizuri, sioni kwamba unyevu wa Tanga au Dar es Salaam peke yake unaweza kuleta maji ya kutisha. Ningeanza kutafuta kwenye mfuniko wa tanki ambao mpira wake umekatika, kwenye kidumu kilichooshwa na kujazwa mafuta kabla hakijakauka, na kwenye kituo ambacho tanki lake la chini ya ardhi linapitisha maji wakati wa masika. Kituo kilichojengwa bondeni, ambako maji ya mvua husimama uani, ningekiepuka kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa.

Vivyo hivyo ukifika kituoni ukakuta lori linashusha mafuta, ni heri ukaenda kituo kingine au ukarudi baadaye. Mafuta yanapomwagika kwa kasi ndani ya tanki la kituo huvuruga maji na mashapo yaliyokuwa yametulia chini. Pampu za vituo zina filta zake, lakini hakuna mteja anayejua zilibadilishwa lini.

Kuhusu tanki kuwa karibu tupu, naomba turekebishe maelezo yaliyozoeleka. Husemwa kwamba mafuta yakipungua ndipo pampu inapoanza kuvuta uchafu wa chini, ilhali pampu hufyonza kutoka chini siku zote, tanki likiwa limejaa au halijajaa. Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba pampu iliyomo tankini hupozwa na kulainishwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Gari linaloishi huku taa ya mafuta imewaka huipasha pampu joto, na kwenye mteremko au kona kali pampu huvuta hewa. Robo ya tanki ni kiwango ambacho ningependa kila dereva akione kuwa ndio mwisho wa kushuka.

Sasa filta. Kwenye magari mengi madogo kutoka Japani filta ya petroli haionekani chini ya boneti, kwa kuwa imewekwa ndani ya tanki pamoja na pampu, na hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Matokeo yake wamiliki wengi hawajui kama ipo. Vitabu vya magari hayo huweka ubadilishaji wake mbali, mara nyingi kilomita 80,000 au zaidi, na hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya petroli ya Japani. Gari linaloshuka bandarini likiwa tayari limetembea kilomita hizo linastahili filta na soksi mpya kabla ya jambo lingine lolote. Kwa dizeli ningebadilisha kila kilomita 10,000, hasa kwa anayeendesha vijijini, hata kama kitabu kinasema 20,000.

Fundi anapofunga filta mpya ya dizeli, mwangalie asiijaze kwa kumimina dizeli ya kwenye kopo. Mafuta hayo yanaweza kuingia moja kwa moja upande wa filta ambao tayari ni safi, yakaelekea kwenye pampu ya presha kubwa bila kuchujwa. Filta ijazwe kwa pampu ya mkono iliyopo juu yake hadi hewa yote itoke. Kazi hiyo huchukua dakika chache zaidi, na nimeshangazwa na idadi ya gereji ambazo haziifanyi.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu, nashukuru kwa somo. Nina Noah ya AZR60 yenye injini ya D-4. Asubuhi hutetemeka, ikipoa sana huwaka kwa taabu, na barabara ya kupandisha kuelekea Kondoa imekuwa nzito tofauti na zamani. Nimeshauriwa kumwaga chupa ya kusafishia nozeli kila ninapojaza tanki, na nimefanya hivyo kwa miezi kadhaa bila kuona badiliko. Je, nibadilishe aina ya dawa au nozeli zimekufa?

Mleta uzi

Ndugu wa Dodoma, gari lako ni mfano mzuri wa mahali ambapo dawa ya tankini haiwezi kufika.

Injini ya 1AZ-FSE iliyomo kwenye Noah hiyo hunyunyiza petroli ndani ya silinda. Teknolojia ya namna hii ilirudishwa sokoni kwa wingi na Mitsubishi mwaka 1996 kwa jina la GDI, na Toyota wakaja na D-4 yao. Faida yake ni matumizi madogo ya mafuta. Hasara ni kwamba petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, na katika injini za kawaida ni petroli hiyo hiyo, pamoja na viungo vya kusafishia vilivyomo ndani yake, ndiyo huosha vali hizo kila sekunde. Kwenye D-4 vali hupokea hewa tu, pamoja na mvuke wa oili unaotoka chini ya injini na moshi unaorudishwa kupitia vali ya EGR. Mvuke na moshi huo huganda juu ya vali iliyo moto na kuwa kaboni ngumu. Hata ukimwaga chupa kumi tankini hakuna tone litakaloigusa kaboni hiyo. Toyota wenyewe walianza mwaka 2005 kutumia mfumo wa D-4S wenye nozeli za aina mbili, nyingine ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa.

Tiba ya kaboni ya vali ni kufungua manifoldi ya hewa na kuzisafisha vali zenyewe. Wapo wanaotumia mashine inayorusha maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni magumu kiasi cha kung'oa kaboni bila kukwaruza chuma, na wapo wanaoloweka kwa kemikali na kukwangua kwa mkono, silinda moja moja, vali zikiwa zimefungwa ili uchafu usidondokee ndani. Hakikisha fundi anaijua kazi hiyo.

Hata hivyo usikimbilie huko kabla ya kupima. Kutetemeka asubuhi kunaweza kutoka kwenye plagi, koili, mlango wa hewa wenye masizi, au vali ya EGR iliyokwama. Kompyuta ya gari ikisoma P0300 inasema silinda zinakosa kuchoma bila mpangilio, na ikisoma P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hakuna kati ya hizo inayosema kwamba nozeli ni chafu. Muombe fundi akuonyeshe kwenye mashine marekebisho ya muda mrefu ya mafuta: yakiwa yamepanda zaidi ya asilimia 10 juu ya sifuri, kompyuta inaongeza petroli kufidia upungufu, na upungufu huo unaweza kuwa wa filta iliyoziba, pampu iliyochoka, mpira wa hewa uliopasuka au nozeli zilizoziba. Kupima presha ya mafuta kwa geji hutenganisha mawili ya mwanzo na hayo mengine, na ni kipimo cha bei ndogo kuliko chupa ulizokwisha kununua.

Kuhusu dawa yenyewe, ili nisionekane nazipinga zote: kiungo kinachojulikana kusafisha vizuri, hata kwenye ncha za nozeli zilizomo ndani ya silinda, ni polietha-amini, ambayo kwenye vibandiko huandikwa PEA. Marekani imelazimisha petroli yote iwe na viungo vya kusafishia tangu mwaka 1995, na mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota walitoa kiwango chao cha juu zaidi kwa sababu waliona kile cha serikali hakitoshi. Kwa hiyo kemia ipo na inafanya kazi. Kwa gari la nozeli za kawaida, chupa moja yenye PEA kila baada ya kilomita 10,000 hivi ni matumizi ya busara. Kumwaga kila unapojaza tanki sioni faida yake.

Mchangiaji (Mpanda)

Salamu wakuu. Naomba niongeze upande wa dizeli za huku kwetu, ambako kituo cha mafuta kinaweza kuwa mbali na kazi inakulazimu kutunza mafuta kwenye mapipa.

Pipa lisimame kivulini, juu ya mbao, na liinamishwe kidogo ili maji na mashapo yakusanyike upande mmoja. Likishashushwa kutoka kwenye gari liachwe litulie usiku mzima kabla ya kufunguliwa. Bomba la kuvutia lisifike chini kabisa, libaki juu ya sakafu ya pipa kwa upana wa vidole vinne, na kile kinachobaki chini kisiingie kwenye gari hata kidogo. Pipa linalosimama wima nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko, na usiku pipa linapopoa hunyonya maji hayo kupitia uzi wa kifuniko kilicholegea, ndiyo maana watu hushangaa maji yametoka wapi wakati pipa lilikuwa limefungwa.

Nawaomba vijana waache kunyonya mafuta kwa mdomo. Petroli au dizeli ikipaliza na kuingia kwenye mapafu huleta homa kali ya mapafu, na mtu anaweza kufa. Pampu ya mkono inauzwa madukani kwa bei isiyomshinda mwenye gari.

Jambo la mwisho ni taa ya maji kwenye dashibodi. Hilux, Prado na Land Cruiser nyingi za dizeli zina taa yenye alama ya filta, ambayo huwaka maji yakijaa kwenye kikombe cha chini ya filta. Ikiwaka, simama. Weka chombo chini, legeza kokwa ya plastiki iliyo chini ya kikombe, piga pampu ya mkono juu hadi maji yatoke na dizeli safi ifuate, kisha kaza. Kuendelea kwa kilomita nyingi huku taa inawaka ni kuiomba pampu ife. Mimi hufungua kokwa hiyo kila ninapobadilisha oili, taa iwe imewaka au haijawaka, na ninakinga dizeli hiyo kwenye chupa ya kioo ili niiangalie kwenye mwanga.

Mchangiaji (fundi wa pampu na nozeli, Arusha)

Namuunga mkono mchangiaji wa Mpanda kwa yote, na ningependa kueleza kinachoonekana mezani pale tunapozifungua.

D-4D nyingi zinazoletwa zikiwa na lalamiko la kuzima kwenye taa za barabarani, au muungurumo unaopanda na kushuka, hukutwa na tatizo kwenye vali ndogo iitwayo SCV, ambayo hukaa kwenye pampu ya presha kubwa na kuamua ni kiasi gani cha dizeli kiingie. Kutu laini na utando wa maji huifanya ikwame. Kompyuta huandika P0087, yaani presha ya reli iko chini, na mwenye gari huambiwa anunue pampu nzima. Anayeambiwa hivyo aulize kwanza kama filta imebadilishwa na kama SCV imepimwa.

Nozeli za petroli husafishwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti ndani ya kimiminika maalumu, kisha hupimwa kwenye benchi zote kwa pamoja. Mteja ana haki ya kuona mirija ya kioo kabla na baada ya kusafishwa: kila nozeli inatoa kiasi gani kwa muda ule ule, mnyunyizo umetawanyika au unatoka kama uzi, na ikiwa imefungwa inavuja au haivuji. Nozeli inayodondosha matone ikiwa imefungwa hulowesha silinda usiku na kufanya gari liwake kwa shida asubuhi. Baada ya kusafisha lazima ziwekwe oringi (pete za mpira) mpya na vichujio vidogo vipya vya ndani, kwa sababu kile cha zamani ndicho kilichobeba uchafu wote.

Nozeli za dizeli za reli ya pamoja ni habari nyingine. Nyingi zina namba za urekebishaji zilizoandikwa mwilini, na nozeli inapobadilishwa namba hizo sharti ziingizwe kwenye kompyuta. Hatua hiyo ikirukwa injini itagonga na kutoa moshi mweusi, na lawama zitaenda kwa nozeli nzima isiyo na kosa. Naomba pia mtu yeyote asilegeze bomba la presha kubwa injini ikiwa inafanya kazi, hata kama alizoea kufanya hivyo kwenye pampu za zamani ili kutoa hewa. Mafuta ya bar 1,600 hutoboa ngozi na kuingia mwilini kabla mtu hajahisi maumivu, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitalini mara moja.

Mchangiaji (Moshi)

Mimi ni dereva wa siku nyingi, tangu enzi za Peugeot 504 na Land Rover za kabureta. Zamani tulikuwa tunamwaga lita moja au mbili za mafuta ya taa kwenye tanki la petroli, gari linasafishika na safari inaendelea. Kwa dizeli tuliweka oili ya gia. Naona vijana mnayafanya mambo kuwa magumu mno. Kwa nini leo isifae?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la msingi na linastahili jibu kamili.

Kabureta ya 504 ilikuwa na jeti, yaani tundu dogo la kupitishia petroli, ambayo mtu aliweza kuizibua kwa kupuliza, na injini haikuwa na kompyuta, kihisi cha oksijeni wala kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi. Mafuta ya taa yanahitaji joto kubwa zaidi kuliko petroli ili yageuke mvuke. Sehemu ambayo haikugeuka mvuke hubaki ikiwa matone, huosha oili kwenye kuta za silinda, hushuka chini na kuipunguza oili nguvu, na inayobaki juu huungua nusu na kuacha masizi. Kinga ya petroli dhidi ya kugonga, ile inayopimwa kwa oktani, hushuka pia. Kwa hiyo mafuta ya taa huongeza uchafu ule ule tunaotaka kuuondoa, na masizi hayo huziba kataliti. Oili ya gia ndani ya dizeli ya kisasa huacha majivu na gundi kwenye nozeli zenye nafasi ya maikroni chache. Kwenye Land Rover ya wakati ule injini ilivumilia, na siwezi kusema wazee wetu walikosea kwa vyombo walivyokuwa navyo.

Kuna upande mwingine wa mafuta ya taa ambao unatugusa sote. Yalipokuwa na kodi ndogo sana, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya kwenye petroli na dizeli. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010, ili mkaguzi aweze kupima kituoni na kugundua kama mafuta yaliyolipiwa kodi yamechanganywa na mengine, na mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa hadi kuikaribia ile ya dizeli. Kenya nao waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye gari hawezi kugundua mchanganyiko kwa macho au kwa pua ukiwa mdogo. Anachoweza ni kununua kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai, kudai risiti ya mashine kila mara, na kuitunza angalau hadi tanki hilo liishe. Gari likianza kugonga au kukosa nguvu mara tu baada ya kujaza, risiti ndiyo itakayoonyesha siku, saa na pampu, na malalamiko kwa EWURA bila ya hiyo huwa hayana pa kushika.

Nimeona pia fundi wetu wa Arusha hakutaja kwa nini nozeli za petroli huziba ncha zake, nami naomba niongeze. Sehemu kubwa ya uchafu huo haijengeki wakati gari linatembea. Hujengeka dakika chache baada ya kuzima injini, pale ambapo hakuna tena petroli inayopita kuipoza nozeli, joto la injini hupanda juu yake, na tone dogo lililobaki kwenye ncha hukauka na kugeuka gundi. Gari la kuzungukia mjini, linalozimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, huchafuka kuliko lile la safari ndefu, hata kama yote mawili hujaza kituo kimoja. Mwenye gari la namna hiyo ndiye ambaye chupa ya PEA humfaa zaidi.

Mchangiaji (Muscat)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Gari langu la petroli, Toyota yenye injini ya 1NZ, nimeliacha Unguja tangu mwezi wa Rajabu, nami narudi baada ya miezi miwili inshaallah, yaani litakuwa limesimama kiasi cha miezi minane. Tanki niliacha nusu. Kuna aliyeniambia likifika wakati niliwashe tu na kulikimbiza barabarani ili lijisafishe. Naomba ushauri.

Mleta uzi

Waalaykum salaam. Naomba usiliwashe kwanza.

Petroli huanza kupoteza ubora baada ya miezi mitatu hadi sita. Sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo hushika moto injini ikiwa baridi, hupungua, na zilizobaki huungana na oksijeni kidogo kidogo na kutengeneza gundi. Joto la Unguja huharakisha jambo hilo, na tanki lililoachwa nusu lina hewa nyingi ya kusaidia. Ungeacha limejaa ingekuwa afadhali.

Ukifika, mwambie fundi afungue kifuniko kilicho chini ya kiti cha nyuma, achukue petroli kidogo kwenye chupa ya kioo kutoka chini ya tanki, na aiache itulie kwa robo saa. Kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, betri ikiwa imechomolewa, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Petroli ikiwa bado ni angavu, ina harufu yake ya kawaida na hakuna tabaka la maji chini, ongeza petroli mpya hadi tanki lijae, na ya zamani itayeyukia humo bila madhara makubwa. Ikiwa imegeuka rangi ya chai na inanuka kama vanishi, itolewe yote, tanki lifutwe, na soksi na filta zibadilishwe kabla pampu haijazungushwa hata mara moja, kwa sababu ukilikimbiza kama ulivyoshauriwa, gundi hiyo itatoka tankini na kuelekea kwenye nozeli nne ambazo sasa hivi pengine ni safi.

Baada ya hapo rudisha betri, washa ufunguo bila kupiga stata, zima, na rudia mara tatu au nne. Kwenye injini za Toyota za aina yako pampu hunguruma kidogo tu kabla ya stata, na magari mengine hayasikiki kabisa, hivyo usihofu. Kabla ya kuwasha, pitisha tochi kwenye mipira yote ya petroli kuanzia tankini hadi kwenye reli, kwa kuwa mpira uliokauka kwa miezi minane unaweza kupasuka presha inaporudi. Ukikuta unyevu au harufu mahali popote, mpira huo ubadilishwe kwanza.